Verna Kinnunen: Saidia Kwanza, Ubishi Baadaye

Ijumaa hii, tarehe 27 Juni 1997, Bi Verna Kinnunen anaondoka kwenye dawati la matengenezo la Ushirika wa Simu wa Ziwa Ahola, baada ya miaka thelathini na sita ya utumishi. Wanachama wetu wengi hawajawahi kumwona uso, lakini hakuna asiyeijua sauti yake, na hakuna aliyewahi kumjibu kijeuri mara mbili.

Alianza mwaka 1961 kama opereta, enzi ambazo ukitaka kuongea na shangazi yako wa ng'ambo ya ziwa ilibidi umwombe Verna akuunganishe, na Verna angekuambia usijisumbue kwa sababu shangazi yuko sauna, anaoga mvuke. Mitambo ya kujiendesha ilipokuja, akahamishiwa matengenezo. Kazi yake ikawa kupokea malalamiko na kututuma sisi mafundi wa nyaya kwenye theluji. Alitutuma kwa moyo mkunjufu. "Baridi gani hiyo mnayoilalamikia," alikuwa akituambia, yeye yuko kando ya hita na kahawa yake, "mbona mimi siisikii?"

Mwanzoni mwa miaka ya tisini yakaingia malalamiko ya aina mpya. Watu walikuwa wamenunua kompyuta za nyumbani, wakaziunganisha na simu kwa kidude kiitwacho modemu, na ghafla kila laini ya wilaya hii ikawa mbovu. Verna hakuwa na kompyuta wala hakuitaka, ila alizijua nyumba za watu. "Laini yako nzima kabisa," alimwambia bwana mmoja aliyekuwa akikatikiwa kila jioni. "Hebu muulize mkeo kama hanyanyui simu ya jikoni, ya laini hiyohiyo, ukiwa katikati ya mambo yako." Mke aliulizwa, akakiri, na akasema ataendelea.

Maswali yalipozidi, Verna alimbana meneja mpaka akapewa laini moja iliyokaa bure na kompyuta kuukuu iliyokuwa stoo. Ndipo ukazaliwa ubao wetu wa ujumbe. Mtu alipiga simu kwa modemu, akasoma walichoandika wenzake, akaacha swali au jibu lake, kisha akakata ili mwingine aingie, maana ubao ulibeba mtu mmoja tu kwa wakati. Meneja aliamini utatumika kutangaza mikutano ya ushirika. Masikini, hakuwajua watu wake.

Haukupita muda ubao ukageuka uwanja wa vita. Mtu akiuliza kwa nini printa yake inatapika karatasi, anajibiwa kwamba kosa ni kununua kompyuta ya aina ile. Akiuliza aina ipi basi, watu wanatupiana vijembe wiki nzima, na printa inaendelea kutapika. Vinara walikuwa wawili: Roy Tervo, dereva mstaafu wa magari ya magogo, aliyetumia kompyuta ya kawaida ya ofisini, na Gordon LaFave, aliyekuwa seremala, mwenye kompyuta aina ya Tamarak.

"Tamarak yangu inapiga muziki na kuchora picha," aliandika Gordon. "Yako inajua kupiga mluzi tu ikikwama."

"Kiwanda chenyewe kimefungwa, bwana!" alijibu Roy. "Hata walioitengeneza wameikimbia."

Wangekuwa watu baki, tungecheka yakaisha. Lakini hawa walikuwa marafiki wa kufa na kuzikana. Kwa miaka mingi walivua samaki pamoja kila majira ya baridi, kwenye kibanda kimoja juu ya barafu. Ubishi wa kompyuta ukawavuruga hadi wakagawana mali: Gordon akachukua kibanda, Roy akachukua jiko la kuni la humo ndani. Mwaka ule wote wawili waligandishwa na baridi, mmoja ndani ya kibanda kisicho na jiko, mwingine nje pembeni ya jiko lisilo na kibanda.

Vichekesho hivyo havikumchekesha Verna. Mke wa Gordon, Elaine, alikuwa amefariki vuli ile, na Gordon aliishi mwisho wa barabara ambako hata gari la kusukuma theluji hufika likiwa limechoka. Roy ndiye peke yake aliyekuwa akimtembelea. Verna alihofia kwamba Gordon atabaki na ile mashine tu, na siku moja tutakwenda kumtafuta tukute tumechelewa. Alituambia hivyo waziwazi, kahawa mkononi, na hakuna aliyetania.

Basi akatunga sheria yake: saidia kwanza, ubishi baadaye. Hakuna kutoa maoni ubaoni mpaka uwe umemsaidia mtu wiki hiyo. Kila asubuhi alichapisha ujumbe wote, akaupitia na kalamu nyekundu, na maoni ya mtu ambaye hajasaidia yakafutwa. Watu walilalamika weee, kisha wakaanza kugombania maswali. Ukiuliza jambo saa ya kifungua kinywa, kabla ya chakula cha mchana una majibu kumi na moja.

Januari ya 1994 Roy alileta andiko lake kuu, kurasa nzima kuhusu kwa nini Tamarak imekufa na izikwe. Verna akalifuta. Roy akakimbilia ubaoni kutafuta wa kumsaidia, akakuta maswali yote yamejibiwa isipokuwa moja: "Kompyuta yangu inanukia chakula kila nikiiwasha. Nani anajua kwa nini? Sitanii. Gordon."

Roy hakujua kwamba Verna alikuwa amewapigia simu wengine wote, mmoja mmoja. "Swali la Gordon msiliguse," aliwaambia. "Atakayeligusa, laini yake ikikatika asinitafute."

Roy alipiga simu dawatini amewaka. "Verna, huu ni uonevu!"

"Swali si hilo hapo? Una gari, una bisbisi."

"Huyo ananitega! Kompyuta gani inanukia chakula?"

"Basi nenda ukanuse."

Akaenda. Yaliyotokea huko tumesimuliwa na Roy, tukasimuliwa na Gordon, na hadithi zao hazifanani, kwa hiyo tumechukua pale zilipokutana. Roy aliingia bila salamu, akaigeuza mashine, akaona tundu nyuma, pale ambapo kibati hufunguliwa mtu akiongeza kifaa ndani.

"Kibati cha hapa kiko wapi?"

"Kwenye droo."

"Kinafanya nini kwenye droo?"

"Si nitaifungua tena kesho?"

Roy akachukua bisbisi, maana cha kwake pia kilikuwa kwenye droo. Hakuna mpenda kompyuta katika wilaya hii anayerudisha kile kibati. Kila mmoja ana hakika kwamba kesho ataongeza kitu kingine. Walipofungua, wakakuta panya amehamia humo na familia yake. Alikuwa amejenga kiota kwa soksi ya Gordon, na pembeni ya kikasha cha umeme, penye joto, amerundika mbegu za alizeti alizoiba kwenye chakula cha ndege. Kila Gordon alipowasha, mbegu zilikaangwa.

"Zimeiva vizuri kuliko za dukani," alisema Roy.

"Nilikuambia hii ni mashine bora," alisema Gordon.

Roy alibaki mpaka chakula cha jioni. Kesho yake maoni yake yakatoka, mstari mmoja: "Tamarak haifai kwa kazi yoyote isipokuwa kukaanga mbegu." Gordon akajibu kwa maneno ambayo Verna aliyafuta, akisema sheria ni sheria lakini hata adabu ipo. Jiko likarudi kibandani. Na tangu siku hiyo, kila asubuhi kabla ya kahawa, Gordon aliacha tusi moja ubaoni kwa ajili ya Roy, na Roy alilisubiri.

Machi mwaka jana, asubuhi moja tusi halikuwepo. Roy alipiga simu dawatini: "Laini ya Gordon imekufa." Verna akaipima.

"Laini nzima, Roy. Inaita na haipokelewi. Nenda sasa hivi, mimi naita gari la wagonjwa."

Roy alimkuta Gordon sakafuni jikoni, nyonga imevunjika, moto umezimika tangu usiku. Daktari alisema asingeiona jioni. Gordon alimwangalia Roy na kusema, "Umechelewa. Nilikuwa nimekuandalia tusi zuri sana." Roy alikaa chini sakafuni karibu naye akalia.

Verna ukimsifu kwa hilo atakuambia alipima laini tu. Tunaomba kumbishia, na kwa kuwa sote tumeshasaidia wiki hii, tuna haki hiyo. Gordon LaFave yuko hai kwa sababu mwanamke asiyewahi kutaka kompyuta yake mwenyewe alikataa kuwaacha wazee wawili wagombane bure.

Ijumaa watakuja wote wawili kwenye sherehe, Gordon na mkongojo wake, Roy akiwa dereva. Wataingia wakibishana, tafadhali msiwaamulie. Mpeni Verna kiti cha jirani nao, asikie kila neno. Asante, Bi Verna, kwa yote. Tunakuombea afya, raha, na usingizi mrefu wa asubuhi.