Ekow Arkorful na Piano Aliyoipaka Mafuta

Ijumaa hii, tarehe 28 Juni 2024, Bwana Ekow Arkorful, fundi wa piano wa Chuo cha Ualimu cha Ebeneza, Saltpond, anastaafu baada ya utumishi wa miaka thelathini na tisa, miezi minne na siku ishirini na nne. Siku amezihesabu mwenyewe. Mimi, Araba Otoo, mkutubi wenu, nimeombwa niandike wasifu huu kwa sababu karakana yake na maktaba yangu zimetenganishwa na ukuta mmoja wa mbao. Kwa miaka ishirini na sita nimesikia noti ya La, ile ya kusawazishia piano, mara nyingi kuliko nilivyosikia jina langu. Anayetaka kujifunza subira na apewe ukuta huo, atundike juu yake tangazo la "Kimya Tafadhali".

Egya Ekow, yaani Baba Ekow, kama tunavyomwita sote, wakubwa na wadogo, hakuajiriwa kuwa fundi wa piano. Aliajiriwa kupaka mafuta. Chumvi ya bahari yetu haina adabu. Ukinunua kufuli leo, mwakani unanunua jingine. Ndiyo maana chuo kilikuwa na mtu ambaye kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi alizunguka na kopo la mafuta na tambara, akipaka bawaba, makufuli, vyerehani, kengele na baiskeli ya Mkuu wa Chuo. Mkuu wa wakati ule alimpa kijana huyo wa Kormantse, mwenye miaka ishirini na mmoja, agizo fupi: "Ekow, chochote cha chuma, kipake." Na Ekow hakuwa mtu wa kuambiwa mara mbili.

Jumatatu ya tarehe 4 Machi 1985, mwezi mmoja baada ya kuajiriwa, alifunua piano kubwa ya ukumbini. Ndani akakuta pini za chuma zaidi ya mia mbili, zile zinazokaza nyuzi, zimejipanga safu kwa safu, na nyingine zimeanza kushika kutu. Ananiambia aliziona akazihurumia. Akazipaka zote, moja baada ya nyingine, mafuta ya kutosha, hadi yakazama kwenye mbao. Kazi hiyo ilimchukua asubuhi nzima. Alipomaliza alifuta jasho akajisifu moyoni kwamba tangu chuo kijengwe hakuna aliyewahi kuikumbuka piano kwa mafuta.

Hakuna aliyewahi, na sababu ilikuwapo. Pini za piano hushikwa na ubao mkavu tu, kwa kubanwa. Ubao ukinywa mafuta, hauna tena cha kushikia. Kufika Pasaka nyuzi zilikuwa zimelegea. Ukizisawazisha asubuhi, saa sita mchana zimekwisha kushuka tena, na kwaya nzima inaimba ikitazamana.

Aliitwa fundi kutoka Accra, marehemu Bwana Lamptey, mtu wa maneno makali. Akafunua kifuniko, akanusa, akageuka. "Hii piano ni ya kupigwa au ya kukaangwa?" Akapitisha kidole ubaoni. "Mbao zimekunywa mafuta mpaka zimelewa. Imekufa hii. Zikeni." Ndipo Ekow akajitokeza kutoka nyuma ya watu, kopo mkononi, akasema ni yeye.

Mkuu wa Chuo alitaka kumfukuza siku ileile. Aliyemwokoa ni yule aliyeumia kuliko wote, Madamu Dorcas Eshun, mwalimu wa muziki, ambaye piano ile ilikuwa chini yake na, tuseme ukweli, alikuwa akiipenda kuliko baadhi yetu. Macho yake yalikuwa mekundu. Akasema, "Kuiua ameiua, lakini kwa bidii. Nimeona wavivu wakiharibu zaidi ya hapa. Mwacheni." Kisha akamgeukia Ekow. "Na wewe usidhani umepona. Hutoki chuoni hapa mpaka piano hii ipige. Umenisikia?"

"Nimesikia, Madamu."

Wasifu wote wa Egya Ekow uko katika maneno hayo mawili. Yaliyobaki ni jinsi alivyoyatimiza.

Adhabu yake ilikuwa kumbebea Bwana Lamptey mkoba kila alipokuja pwani yetu. Aliubeba miaka sita. Alitukanwa kwa Kiga, lugha ya Accra, na kwa Kiingereza, akajifunza kwa lugha zote mbili. Alijifunza kusikiliza nyuzi mbili zikigombana na kuzipatanisha, kuchonga vigonga vipya vya mbao, na kuvivika manyoya yaliyoshindiliwa. Mwaka 1991 mzee Lamptey alipochoka na safari, alimkabidhi mkoba wenyewe akasema, "Chukua. Angalau wewe unajua piano inavyokufa." Chuo kikamfanya fundi wake. Piano ya ukumbini, iliyokwisha kubatizwa Bubu, ilisukumwa stoo, ikafunikwa turubai.

Sote tunajua mwambao wetu ulivyojaa piano zilizosahauliwa. Babu zetu waliouza kakao na mafuta ya mawese walizinunua kwa fahari, wajukuu wakaziwekea picha za harusi juu. Egya Ekow alizitafuta mazikoni. Kila Jumamosi alikwenda msibani kama sisi, na nguo yake nyeusi na nyekundu, lakini sisi tukitazama jeneza na sahani, yeye alikuwa akichungulia pembe za sebule. Kwa njia hiyo amezigundua piano arobaini na tatu. Moja ilikuwa meza ya kuuzia kenkey, madonge yetu ya unga wa mahindi, huko Mankessim, na mwenye biashara alishangaa kuambiwa kwamba meza yake ina sauti. Nyingine, nyuma ya kanisa moja, ilikuwa na kuku aliyelalia mayai tisa juu ya nyuzi. Egya Ekow alisubiri vifaranga watoke ndipo akaanza kazi. Kanisa lilimwona mzembe, kuku hakulalamika.

Ya Anomabo ndiyo ninayoipenda zaidi. Nyumba ya ukoo mmoja ilikuwa na piano iliyofungwa kwa ufunguo tangu babu yao alipofariki, miaka ishirini na minane nyuma. Watoto wa marehemu walisema ni yao. Ukoo, yaani wapwa, ulisema ni mali ya ukoo, kama desturi yetu inavyotaka. Wakashindwana, mkuu wa ukoo akatia ufunguo mfukoni, na kila Jumamosi pande zote mbili zilipokezana kuifuta vumbi ili haki yao isipotee. Egya Ekow alikwenda mara saba. Mara ya nane mzee alikubali, ila kwanza akamimina pombe kali chini, mbele ya piano, akimwambia marehemu, "Nana, huyu ni fundi, si mwizi. Usimng'ate." Ilipofunguliwa ndani kulikuwa na vidonge vya kufukuzia nondo kilo nzima na kiota cha panya kilichotengenezwa kwa barua za babu. Vibao vya kupigia kumi na saba havikushuka kabisa.

Ilimchukua miezi mitano. Siku ya kumaliza ukoo ulipika, watoto wakapika, na kila upande ulimwita akale kwake kwanza. Akakataa pote. Hapo ndipo wengi walipoijua sheria yake, ambayo hajawahi kuivunja: hapokei asante wala chakula mpaka mwenye piano ameipiga. Huiita "mwenyewe kwanza". Mkuu wa ukoo akarudi nyuma, mikono ndani ya nguo yake. "Mimi sijui kupiga." Egya Ekow akamjibu jibu ambalo amewajibu wenye piano wote arobaini na tatu: "Na mimi sikujua kutengeneza."

Mzee akapiga kwa kidole kimoja, akakosea, akarudia. Binti wa marehemu akasogea akamwonyesha kibao sahihi, kwani babake alimfundisha. Hawakuwa wamesemezana tangu mazishi. Leo ile piano haifungwi, na ugomvi wao umehamia kwenye shamba la minazi.

Mara mbili Egya Ekow aliitwa Accra kwenye kazi kubwa zaidi, na mara mbili alikataa. Sisi tulidhani ni woga wa foleni. Nilipomuuliza alisema tu, "Sijaruhusiwa kutoka." Nilicheka. Sikujua kwamba mtu mzima anaweza kubeba neno la mwalimu miaka yote hiyo kama lilisemwa jana. Bubu ilikuwa palepale stoo, na kila alipotaka kuianza ilikuja ya mtu mwingine: kwaya ina sherehe, bibi anataka kuisikia ya mumewe kabla hajafa. Yeye akiwaonea huruma, yake ikisubiri.

Septemba iliyopita likaja tangazo kwamba stoo itakuwa chumba cha kompyuta, na kwamba piano mbovu iliyomo itatolewa mwishoni mwa Juni, mbao zake zifanywe rafu za maktaba. Ndugu wasomaji, aliyeomba rafu hizo ni mimi. Sahihi yangu iko kwenye barua. Niliandika "piano isiyo na matumizi" nikaona nimeandika vizuri. Egya Ekow aliisoma ubaoni, akaja maktaba, akasimama mbele ya meza yangu. Nilijiandaa kwa ugomvi. Akaniuliza kwa sauti ya chini kama nina kitabu chochote kuhusu gundi.

Tangu siku hiyo nilisikia mengine kupitia ukuta wetu. Kila mchana, wakati wetu wa kula, msumeno. Alihitaji ubao mpya wa pini, akauchagua mti wa kaku, ule wa nguzo za gati, akaukata tabaka nyembamba na kuzigandisha pamoja. Mafundi magari wa barabarani walimkopesha winchi ya kunyanyulia injini, ili kuinua chuma cha ndani. Januari akamaliza. Mvua za kwanza zikaja, na asubuhi moja tukasikia mlio kama wa risasi. Ubao ulikuwa umepasuka. Alikuwa ameugandisha katikati ya harmatani, msimu wa upepo mkavu wa jangwani, mti umekauka kama biskuti, na unyevu uliporudi ukavimba. Fundi wa miaka thelathini alikosea kosa la mwanafunzi, kwa haraka.

Nilikwenda kumpa pole. Nilimkuta amekaa juu ya kiti kidogo, mikono magotini. Akaniambia, "Araba, mara ya kwanza nimeiua kwa bidii. Mara ya pili nimeiua kwa hofu." Kisha akaniomba nishike ncha ya pili ya ubao. Nimeshika ncha ya pili kila mchana tangu Machi, na kama mtu yeyote alikuta maktaba imefungwa saa saba, basi sababu ndiyo hiyo, na siombi radhi.

Mwanzoni mwa Juni, Bubu ikiwa imerudishwa ukumbini, alikaza pini ya mwisho. Akaisawazisha, akaiacha wiki mbili, akaipima. Haikushuka. Hakutuachia tuiguse. Mkuu wetu wa sasa alipokuja kuomba asikie walau kidogo, alijibiwa kwa heshima zote kwamba mwenyewe bado.

Alhamisi iliyopita gari la chuo lilikwenda kumchukua Madamu Eshun. Ana miaka tisini na mmoja, macho yamemwacha, na alikuwa hajapanda kilima chetu kwa miaka kumi na moja. Akaingia ukumbini akishika mkono wa Egya Ekow, akainama juu ya nyuzi, akanusa kwa muda mrefu. "Mafuta sisikii," akasema. "Mikono umenawa?"

"Nimenawa, Madamu."

Egya Ekow akamwelekeza kwenye kiti. Madamu akakivuta, lakini hakukikalia. Alikipapasa akakisukuma upande wa Ekow. "Kaa wewe. Nimeambiwa una sheria yako."

"Madamu, mwenyewe ni wewe."

"Mimi niliifundishia miaka tisa, nikastaafu, nikaenda zangu. Wewe umekaa nayo thelathini na tisa. Mwenyewe nani?"

Mnajua au hamjui: Egya Ekow hajawahi kupiga wimbo. Amegonga noti moja moja maelfu kwa maelfu, wimbo kamwe. Akasimama amejikunyata kama kijana mwenye kopo. "Sijui kupiga, Madamu."

Na mimi, niliyekuwa mlangoni, ambaye nyamaza-nyamaza ndiyo kazi yangu, nikajikuta nimepaza sauti: "Na wewe hukujua kutengeneza!"

Akakaa. Akapiga kwa kidole kimoja ile sauti ya kengele yetu ya asubuhi, noti nne, polepole, kisha akairudia. Ukumbi ulijaa. Wapishi walitoka jikoni. Madamu aliweka kiganja juu ya ubavu wa piano mpaka mlio wa mwisho ukaisha wenyewe, ndipo akasema, "Haya, Ekow. Umeruhusiwa. Nenda nyumbani." Fundi wetu akalia, na mimi nikalia, na naomba ieleweke kwamba rafu sizitaki tena.

Ijumaa, baada ya hotuba, chakula kitapakuliwa pale tu kila mmoja wetu atakapokuwa amegusa piano walau kibao kimoja. Hakuna kusema hujui. Kopo la mafuta la mwaka 1985 litabaki ukutani mwa karakana kwa agizo lake, na chini yake ameandika kwa mkono wake: "Milango tu."

Egya Ekow, kwa niaba ya chuo, ya wenye piano arobaini na tatu na ya kuku mmoja, tunakushukuru. Afya yako na iwe njema, usingizi uwe mtamu, na Jumamosi zako ziwe za harusi kuliko za misiba. Piano tunabaki nayo, na kufuli lake umeling'oa mwenyewe. Ukuta wangu utakuwa kimya kuanzia Jumatatu, jambo nililoliomba miaka ishirini na sita, na sasa silitaki. Nenda nyumbani, ndugu yangu. Ruhusa imetoka, tumeisikia sote.