Mzee Leonard Pinches na Nondo wa Dirishani

Kasisi, mama yangu, ndugu na majirani wa Ashbatch, wenzake baba wa posta, na nyinyi watu wa nondo, wachunguzi wa vipepeo wa usiku, mliojibana benchi la nyuma kama kawaida yenu, mimi ni Tamsin, mtoto pekee wa marehemu, nasoma kwa niaba ya familia kwa sababu mama amesema hawezi, na mimi pia siwezi, lakini mwanangu amelala kwa sasa, kwa hiyo nitasoma haraka kabla hajaamka.

Marehemu Leonard Aubrey Pinches alizaliwa tarehe 9 Machi 1951 hapa hapa Ashbatch, kaunti ya Shropshire, katika nyumba ile ile aliyofia, akiwa mtoto wa mwisho wa mzee Aubrey Pinches, kibarua wa mashambani, na mkewe Ivy. Alisoma shule ya msingi ya kijiji kuanzia mwaka 1956, akaendelea na sekondari mjini Ludlow, akaacha shule Julai 1966 akiwa na miaka kumi na mitano, na ripoti yake ya mwisho, ambayo bibi aliitundika jikoni kwa kumchokoza, ilisema Leonard ni kijana mwema ila anatazama sana dirishani.

Alifanya kazi kwenye karakana ya matrekta, kisha tarehe 4 Machi 1974 akaajiriwa na posta, akasambaza barua bonde hili lote mpaka alipostaafu Machi 2011, na ni posta iliyomtia kwenye nondo, kwa sababu alianza kazi alfajiri, taa za nje zikiwa bado zinawaka, na kwenye kila ukuta wenye taa alikuta nondo wametulia, akawa anawatia kwenye viboksi vya kiberiti, na wengi wenu hapa mmewahi kupokea bili ya umeme yenye vumbi la mbawa.

Alifunga ndoa na mama yangu, Maureen Bebb, tarehe 14 Juni 1980 katika kanisa hili, wakaenda fungate Aberystwyth, na asubuhi ya kwanza ya ndoa baba aliipitisha juu ya kigoda katika bafu la nyumba ya wageni, akiwa na bilauri mkononi akimwinda nondo wa darini, mpaka mwenye nyumba akagonga, "Bwana Pinches, wenzako tumebanwa huku nje!" Mungu aliwajalia mtoto tarehe 3 Novemba 1997, baada ya miaka mingi ya kungoja, ndiye mimi, na mjukuu mmoja, Wilfred, aliyezaliwa tarehe 20 Mei mwaka huu wa 2024, ambaye baba yake hayupo, na hilo naliacha hapo.

Sasa lazima niseme kuhusu jambia, maana bila hilo sijamsema baba. Kuna nondo wawili wa kijivu wenye alama nyeusi kama jambia kwenye bawa, mmoja anaitwa jambia la kijivu na yumo kila bustani, mwingine anaitwa jambia jeusi na ni adimu, na wakishakuwa wakubwa hakuna jicho linaloweza kuwatofautisha, ni mpaka nondo auawe, apasuliwe tumbo, atazamwe kwa hadubini, na asipopasuliwa msajili wa nondo wa kaunti anamwandika "mmoja kati ya wawili", basi, habari imeisha. Juni 1989 baba alimwona mmoja barazani kwa kanisa dogo la bondeni, akaapa ni jambia jeusi, lakini nondo akaruka, na tangu hapo kila wa namna hiyo aliyemnasa alimgandisha akampeleka kupasuliwa, na kila mara jibu lilikuwa la kijivu, na mama kila mara alisema, "Leonard, friza yangu ni ya njegere, si mochwari."

Baba alianza kuugua Januari mwaka huu, ikaonekana ni saratani ya kongosho, na kufikia Juni hakuweza tena kushuka ngazi, kwa hiyo mtego wake wa taa wa kunasia nondo nikawa nauwasha mimi, na asubuhi nampandishia zile trei za mayai ambamo nondo hujificha, mtoto begani, macho nimeyafumba nusu, maana nondo nawaogopa tangu utotoni na nyote mnajua. Ijumaa tarehe 5 Julai alimtia nondo mmoja mwenye jambia kwenye kikopo, akakishikilia kifuani, kisha akasema, "Binti, mpigie Hilary."

Bi Hilary Gough, msajili wetu, yuko pale nyuma na amenipa ruhusa kusema haya. Alifika Jumamosi, akakiinua kikopo, akasema, "Dume hili, Len, na unajua sheria yetu, bila tumbo hakuna jina," na baba akamjibu, "Humu chumbani wa kufa anatosha mmoja, Hilary." Bi Hilary akacheka, halafu akalia, akasema basi ataandika mmoja kati ya wawili, na baba akasema andika, lakini baada ya Bi Hilary kuondoka aligeukia ukutani, na mimi nikakaa tu na mtoto. Jioni alitaka kikopo kiwekwe dirishani akione, akasema, "Nikienda mimi, na yeye umwachie," nikasema sawa, baba, kana kwamba ameniomba chai.

Marehemu alifariki Alhamisi tarehe 11 Julai, asubuhi, mama amemshika mkono, na muuguzi akaniambia, "Fungua dirisha, mpenzi, tumpe njia," nikaenda, kikopo kilikuwa pale pale, nikakifungua huku nimefumba macho kama nilivyoahidi, nikasikia kitu kinapita kwenye vidole vyangu, na nilipotazama, nondo hayupo, lakini ukutani mwa kikopo kulikuwa na mayai.

Nilimpigia Bi Hilary nikisema baba amekufa na kikopo kina mayai, akasema, "Mimi mpumbavu, nimeliita dume," kisha akaniambia jambo ambalo baba angelijua papo hapo, kwamba nondo hawa wakubwa hufanana ila viwavi wao hawafanani hata kidogo, wa kijivu ana mstari mpana wa njano mgongoni na wa jeusi hana, hata mtoto angewatenganisha, ili mradi waishi mpaka wavae rangi.

Wameanguliwa, na nawalisha majani ya mtufaha wa baba, lakini kila nikifunua boksi nakuta wengine wamekufa, nilimpigia Bi Hilary nikilia nikamuuliza nimekosea wapi, akasema, "Hujakosea, mpenzi, viwavi hufa tu," na mimi nimekaa na mtoto wa wiki kumi mapajani nikisikia neno hilo, nikashindwa kuweka simu chini. Boksi liko chini ya benchi la mama sasa hivi, sikuthubutu kuliacha nyumbani, waliobaki ni wachache, wembamba kama uzi, na mgongoni bado hawana rangi yoyote. Leo siwezi kuwaambia kama baba alikuwa sahihi, na Bi Hilary naye hawezi, ila ameacha nafasi ya jina wazi daftarini mwake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliompunguzia maumivu, muuguzi wetu wa dirisha, majirani mliotuletea chakula mpaka tukakosa sahani, wenzake wa posta mliolibeba jeneza, na watu wa nondo ambao jana usiku kila mmoja aliwasha taa bustanini kwake kwa ajili yake, mama aliziona akiwa chumbani.

Mtoto anaamka, naishia hapa. Baba, umelala, lala kwa amani, asubuhi majani nitachuma mimi.