Tulifunga Tukaomba Protini Irudi

Bwana asifiwe! Nyinyi wa nyuma, hiyo amina ni ya njaa ama? Tena! Bwana asifiwe!

Mimi ni Opio, yule wa viatu vya mtumba Nakivubo. Ndugu zangu, nilikuwa naona damu chooni, nasema ni pilipili. Pilipili gani ya mwaka mzima? Nikakonda mpaka suruali ikakataa kukaa. Hospitali wakakuta kansa ya utumbo. Kansa, na mimi sijaoa hata! Wakanipasua, wakaitoa. Hofu ikabaki moja tu: itarudi?

Musawo, yaani daktari, mama mmoja mpole, akasema kile kipande walichotoa kinapakwa rangi maabara, waone protini ndani ya nyama yenyewe. Hiyo inasaidia kujua kansa inaelekea wapi. Baadaye nesi akanipigia simu: "Opio, protini mbili hazionekani. Njoo Jumatatu daktari akueleze."

Mimi ningoje Jumatatu? Nikakimbia hapa kanisani! Mnakumbuka. Tulifunga. Mama yangu akagaragara hapo mbele: "Protini ya mwanangu, rudi! Rudi kwa jina la Yesu!" Pasta alikemea mpaka sauti ikakauka. Kambi nzima ya polisi Naguru tunakoishi ilijua mtoto wa Afande, yaani mimi, amepotelewa na protini.

Jumatatu nikamuuliza, "Musawo, tumeomba sana. Zimerudi?"

Akashika meza, akacheka. "Bambi, ssebo, pole bwana, mliomba kinyume! Kansa yako haikuwa imetoka nje ya utumbo. Kwa kansa ya namna hiyo, hizo protini zikikosekana ni dalili nzuri. Mara nyingi hairudi. Hata kemo, zile dawa kali za kuua kansa, hatukupi, haina kazi kwako. Utakuwa unakuja tukuangalie."

Ndugu zangu, nilikaa chini kwenye simenti nikalia! Kanisa zima tunapiga kelele "rudi," na Mungu amekaa kimya ananipenda! Asante Yesu kwa kutotusikiliza!

Lakini musawo akaongeza: "Kansa ya namna hii wakati mwingine inatembea kwa familia. Leta ndugu zako wapimwe." Kaka Okello, usijifiche nyuma ya kwaya. Polisi mzima unaogopa daktari? Kesho asubuhi tunaenda.

Na wewe unayeona damu na kunyamaza, usione aibu. Mimi nimetaja choo mbele ya wasichana wote wa kanisa hili! Mwamini Mungu, halafu panda boda, twende pamoja. Okello analipa.