Kompyuta Isiyopewa Pole

Taxi-basi ilikuwa imeshaanza kutoka Kasenga mwanamke mmoja alipoirukia, amevaa nguo za harusi, akajibana kando ya Victoire. Akaitazama kompyuta iliyoviringishwa ndani ya kitenge mapajani pa Victoire.

"Weye binti, mutoto iko mugonjwa?"

Victoire alicheka bila kutaka. "Ni masini, Mama. Mémoire yangu ya kumaliza chuo yote iko ndani, na naitetea Ijumaa. Nimeirudisha ku duka mara tano. Leo patron mwenye duka hakuinua hata kichwa: 'Imekufa, peleka kwenu.' Nikataja garanti niliyopewa wakati wa kuinunua, akasema garanti iko ya masini zenye ziko nzima."

"Imekufa? Na pole hakukupa?"

"Hata."

"Basi pole, mwanangu. Pole sana."

Majuma mawili Victoire alikuwa amejikaza mbele ya kaunta ya duka lile. Sasa aligeukia dirisha, machozi yakamtoka.

"Usilie. Miye ni Mama Fadhila, natengenezaka masini ku soko. Tukifika Luberizi nitaifungua."

"Lakini harusi, Mama?"

"Anayeolewa ni mutoto wa dada yangu. Nimekuahidi."

Luberizi, dereva alisimama kupakia magunia ya mchele. Msafara wa bibi harusi ulikuwa unapita kwa vigelegele, na ndugu zake Fadhila wakamwonyesha nafasi moja iliyobaki garini mwao. Fadhila aliutazama msafara kwa muda, kisha akaketi juu ya gunia na kutoa bisibisi katika mkoba wake wa sherehe.

"Muende!" aliwaitikia. "Nitafika kwa miguu."

Akamgeukia Victoire. "Kinga mukono, ushike hizi skrubu."