Onja Kwanza, Ndipo Mtoto Wangu Anywe

Bwana apewe sifa, wapendwa! Wa mbele nimewasikia. Wa nyuma mmeitika nusu, na mimi sauti ya nusu huwa naitilia shaka. Tuseme tena: Bwana apewe sifa! Haya, sasa naweza kuendelea.

Mimi ni Mama Baraka, nauza maharagwe na viazi sokoni hapa Goma, na kwetu ni milimani Masisi. Ndugu zangu, nimesimama kumshukuru Mungu kwa ajili ya mtoto wangu, ambaye nilikaribia kumuua kwa mikono hii nikidhani namwokoa.

Baraka alipozaliwa nilimbeba mgongoni hadi sokoni, wala hakuugua. Alipoanza kutambaa ikawa taabu: anavuta magunia ya watu, anakimbilia barabarani kwenye pikipiki. Baba yake akasema tumpeleke garderi kwa Mama Kahindo, mjane wa Butembo anayelinda watoto wa wafanyabiashara nyumbani kwake. Nilikubali kwa mdomo. Moyoni nilisema, mwanamke huyu anacheka na watoto wa wenzake kutwa nzima, anatafuta nini?

Wiki haijaisha, Baraka akarudi na makamasi. Yakakauka, kikaja kikohozi. Kikohozi hakijaondoka, macho yakawa mekundu, asubuhi yameshikana kwa uchafu. Kisha homa, kisha kuhara. Akipona leo, kesho kutwa anaanza upya. Mtoto aliyekaa mgongoni kwangu bila hata chafya! Ningefikiri nini?

Ninyi mnajua nilichofikiri. Hapa Goma nani hajasikia habari za karuho, sumu ile wanayosema mtu anakuwekea, ukaisha polepole? Nikaanza kumpeleleza Mama Kahindo. Akimwita mwanangu mzuri wake, najiuliza kwa nini amsifu. Akifua nguo niliyosahau kwake, nainusa. Siku moja nilimkaribisha ugali akasema ameshiba, nikasema ndiyo, mwenye sumu huogopa sahani ya watu. Ushahidi ukikosekana, mimi nilijitengenezea.

Basi nikamshika kwa desturi yetu. Kwetu mtu akikupa kinywaji, anakionja yeye kwanza mbele ya macho yako, ujue hakuna kitu ndani. Nikamwambia Mama Kahindo kwamba kuanzia siku ile uji wa mwanangu auonje kwanza. Hakukasirika. Akachota kijiko, akanywa, akachota tena, akampa Baraka. Mimi nilisimama mlangoni mpaka nimeona koo lake limemeza. Mama wengine waliposikia walipenda, nao wakadai hivyo hivyo. Ikawa kila asubuhi Mama Kahindo anapita na kijiko chake bakuli kwa bakuli, anaonja na kulisha, anaonja na kulisha. Wenzangu walinisifu, na mimi nikavimba kichwa.

Lakini magonjwa yakazidi! Watoto wote wakakohoa. Mama Kahindo mwenyewe akakohoa. Wengine walimhurumia. Mimi nikasema, mmeona? Sumu yake inamrudia.

Ikafika siku Baraka anatapika na kuhara tangu asubuhi, macho yameingia ndani, analia bila machozi. Wanawake wa sokoni wakanielekeza kwa muzee mmoja upande wa Mugunga, anayesifika kwa kutoa karuho. Nikamfunga mtoto mgongoni, nikaenda. Hospitali niliipita njiani. Nilisema hawa wa hospitali hawajui mambo yetu.

Yule muzee hakumgusa hata mtoto. Alimtazama tu, akaniambia aliyemtendea ni mwanamke anayemlisha. Ndugu zangu, moyo wangu ulifurahi! Mtoto ananiishia mikononi, na mimi nafurahi kwa kuwa nilisema kweli. Akachemsha mizizi, akanipa kikombe cha dawa nyeusi, mtoto atapike sumu yote. Nikakishika. Nikakisogeza karibu na midomo ya mwanangu. Na hapo, kwa mazoea yangu tu, nikamrudishia.

"Uonje kwanza, muzee."

Akacheka. Nikabaki nimenyoosha mkono na kikombe, mpaka akaacha kucheka.

"Hii haiko dawa ya mutu muzima," akasema. "Mimi nikiikunywa, nitatapika mpaka nianguke chini."

Nikamtazama, mwanaume wa kifua kipana, mwenye shingo ya fahali. Nikamtazama Baraka, kichwa kimelala mkononi mwangu, hana hata nguvu ya kulia.

"Wewe uanguke," nikamwambia, "na huyu je?"

Nikaweka kikombe chini, nikatoka bila kuaga.

Wapendwa, wengine Mungu huwasemesha kwa ndoto, wengine kwa Neno. Mimi alijua masikio yangu hayaamini mtu. Akapitia kwenye shaka yangu yenyewe, maana ndio mlango pekee nilioacha wazi. Haleluya!

Pikipiki ikatufikisha kituo cha afya. Muuguzi akachanganya serum ya kunywa, maji yale ya chumvi na sukari. Naye nikamwambia aonje. Mnacheka? Siku ile ningemwambia hata pasta! Muuguzi hakubishana. Akachota kijiko, akanywa, akakiweka pembeni, akachukua kijiko kingine kisafi, ndipo akaanza kumnywesha Baraka kidogo kidogo. Nikamuuliza kwa nini anachafua vijiko viwili.

"Mama, ile ya kwanza imeisha kuingia mu kinywa yangu," akasema. "Unataka nimupe mutoto magonjwa yangu?"

Ndugu zangu! Niliona bakuli zote za garderi zimepangwa, na kijiko kimoja kinatoka kinywa hadi kinywa, na mimi nimesimama mlangoni nasimamia kazi!

Nikamweleza muuguzi yote. Akasema kijiko kile kilizidisha mambo, lakini hata bila kijiko, mtoto aliyezoea kukaa na mama yake tu, akianza kuchanganyika na wenzake huugua mara kwa mara, pasipo mtu yeyote mbaya. Mwili wake unajifunza, na kadiri anavyokua inapungua. Tuoshe mikono, kila mtoto awe na kijiko chake. Na macho yakiingia ndani, au pumzi ikienda mbio, au akikataa kunywa, tuje mbio, tusipitie popote. Baraka alikunywa na hakutapika. Jioni, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, akanikojolea nguo, na mimi nikalia kwa furaha ya mkojo.

Nilipomrudisha garderi, Mama Kahindo aliinua kijiko aonje, kama nilivyomzoeza. Nikamshika mkono.

"Wacha, mama," nikamwambia. "Umupe tu mutoto."

Nikamweleza kila kitu, hata safari ya Mugunga. Akamaliza kwanza kumlisha Baraka. Kisha akasema alijua tangu siku ya kwanza kwamba namwogopa, ila aliona heri aonje kuliko mtoto akose uji. Nilitamani ardhi inimeze. Tukaenda pamoja kununua vijiko.

Sidanganyi kwamba nimepona kabisa. Kikapu cha sadaka kikipita, bado natazama mikono ya watu. Na Baraka bado anaugua, tena juma hili ana mafua. Lakini wewe mama unayenisikiliza, ambaye mtoto wako haachi kuugua na tayari una jina la mtu moyoni, nakusihi: jina hilo mkabidhi Yesu, na mtoto mpeleke kwa wauguzi. Aliyeniweza mimi, na ubishi wangu huu, hatashindwa na wewe.

Huyo mnayemsikia akikohoa kule nyuma ndiye Baraka mwenyewe. Amepakatwa na Mama Kahindo tangu niliposimama hapa. Sasa hivi nimemwona akimtia kitu mdomoni, na sijui ni nini. Nami sishuki kwenda kuuliza. Bwana asifiwe!