Namba Iliyoganda

Mchimbaji: Haloo. Nani mwenzangu?

Shemeji: Mimi, shemeji. Nimetumia laini nyingine, ile ya kazini wanaisikiliza. Hamjambo hapo?

Mchimbaji: Tupo.

Shemeji: Na yule mtu wako wa mabomba, Mrefu? Anaendeleaje?

Mchimbaji: Ndiyo natoka wodini. Uso mzima bandeji. Anakunywa uji kwa mrija.

Shemeji: Maskini. Sasa, kesho kwenye kamati ya uchunguzi—

Mchimbaji: Nilijua hukupiga kwa ajili ya mgonjwa.

Shemeji: Nisikilize kwanza. Watakuuliza kama uliniita kabla gesi haijapanda na kulipuka. Sema hukuniita.

Mchimbaji: Nilikuita. Tulizima pampu tuunge bomba, nikakuuliza presha ya chini ikoje. Wewe umekaa zako ofisini nchi kavu, ukaniambia—

Shemeji: Nilisema nilichokiona kwenye skrini.

Mchimbaji: "Shwari, haijasogea hata kidogo."

Shemeji: Haikusogea kweli.

Mchimbaji: Ingesogeaje? [mtandao unakwaruza] Haloo? Ni wewe uliyetufundisha darasani. Kipimo kiko chini kabisa ya kisima, sauti yake inapanda na tope linalosukumwa na pampu. Pampu ikizimwa, kinanyamaza, na skrini inabaki na namba ya mwisho. Uliikodolea macho namba iliyoganda.

Shemeji: Nilipitiwa. Dakika nne tu, shemeji. Nilikuwa na skrini tatu mbele yangu.

Mchimbaji: Mimi nilikuwa na watu sita juu ya kisima.

Shemeji: Wewe watakusimamisha miezi michache, halafu watakurudisha, wachimbaji ni wa kutafuta kwa tochi. Mimi ndiyo basi tena. Fikiria watoto.

Mchimbaji: Wa nani? Mrefu anao wanne. Leo yule mdogo kagoma kukisogelea kitanda chake. Anasema huyo siye baba.

Shemeji: Basi, inatosha. Nipe dada yangu niongee naye.

Mchimbaji: Anakusikia. Nimekuweka kwenye spika tangu mwanzo.

Shemeji: Dada? Dada, salio linaisha. Mbona hasemi kitu?

Mchimbaji: Hasemi.

Shemeji: Afadhali. Ina maana hana kinyongo, ameelewa.

Mchimbaji: Ndivyo ulivyoisoma na ile skrini.

Shemeji: Shemeji, nakuomba, kesho usini—

Mchimbaji: Haloo? Haloo? Imekatika. Haya, mke wangu, lia sasa.