Maharage ya Mama Sikujua Hayakuwa na Kosa

Baba Padri, wazee, ndugu na jamaa mliofika, mimi ni Cornel, mdogo wake marehemu, familia imenituma nisome karatasi hii, nami nitasoma na lile ambalo familia haikuliandika.

Dada yetu Euphrasia Masunga, ambaye wengi mlimwita Mama Sikujua, alizaliwa Songwa tarehe 2 Mei 1931, akasoma shule ya misheni hadi darasa la nne, akafunga ndoa na marehemu Shigela tarehe 19 Novemba 1949, wakajaliwa watoto wanne, wa kwanza ndiye huyu Sikujua aliyekaa mbele, na mmoja Mungu alimtwaa akiwa mchanga.

Mwaka 1966 aliajiriwa kupika katika kambi ya wachimbaji pale Maganzo, akawalisha wakimbiaji wa timu yao, siyo nyama kila siku kama walivyotaka, bali choroko na maharage, aliyoyaloweka tangu jana yake, akamwaga maji yale, akayachemsha kwa moto mkali mpaka yakapondeka yenyewe. Mmoja wa wakimbiaji hao, Maduhu, ambaye kila baada ya mbio alivimba magoti na kujaa tumbo, kwa chakula hicho tumbo lilitulia na uvimbe ukapungua, sina elimu ya kueleza kwa nini, ila niliona.

Sasa ndugu zangu, Ijumaa tarehe 13 Septemba 1974 dada alikwenda msibani, akaniachia maharage mekundu niwapikie wakimbiaji, maana kesho yake kulikuwa na mashindano ya mkoa, nami kwa haraka ya kuwahi pombe sikuyaloweka, nikatia magadi mengi maganda yapasuke yaonekane yameiva, nikaepua yakiwa bado mabichi ndani. Jioni ile timu nzima ilitapika na kuhara, asubuhi hakuna aliyeweza kusimama mstarini. Dada aliniuliza kama niliyaloweka, nikamwapia kwa jina la Mungu kwamba niliyaloweka, naye akaniamini.

Bwana Mageni, kiongozi wa timu, alimfukuza kazi mbele ya watu, akasema maharage ni chakula cha wafungwa, na mimi nilikuwepo, nikanyamaza. Dada hakulia, alimjibu, "Nyama kuleni, baba, lakini Maduhu atakula kwangu, na mtamwona." Maduhu alikula kwake miaka mitatu, na tarehe 7 Agosti 1977 alishinda mbio za Kahama, lakini hakuna aliyemwita dada kazini, naye tangu siku alipofukuzwa alionja chungu chake mara tatu kabla ya kupakua, kwa sababu ya uongo wangu.

Mwaka jana alipatikana na saratani, akafariki Jumapili tarehe 9 Machi 1986. Nilikuwa na miaka kumi na moja ya kumwambia, sikumwambia.

Wanaonong'ona kwamba msiba hausomewi habari za kuhara, wanong'one. Bwana Mageni, upo hapa, mkosaji ni mimi, siyo yeye wala maharage yake, na ukitoka hapa kawaambie wenzako.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliomgeuza kitandani, na wapishi wenzake waliokuja na sufuria zao.

Dada, ulipika vizuri. Lala kwa amani ya Bwana.